Masika Niliyomlisha Silantoi

Jumatatu, 2 Machi
Nimeanza kazi. Kuni, maji, uji. Mgongo umeshaanza kulalamika na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Kituo kiko upande wa magharibi wa Meru, ambako mlima hauna migomba bali vumbi na miiba. Ni nyumba moja ya bati, mzani, friji la sola na jiko langu. Wajawazito wa maboma ya karibu wanakuja kila asubuhi kunywa uji wa unga uliotiwa vitu vya kuongeza damu. Alhamisi wanapimwa uzito na kutolewa damu kidogo kwenye kichupa. Daktari Ndeshi anataka kujua chakula cha mama kinakwenda wapi ndani ya mwili, kinageuka nini, kinamfikia mtoto au hapana, na kwa nini wengine wanaumwa na wengine hawaumwi. Hayo ndiyo yake. Yangu ni mengine.

Niliacha kuchuma maharage mashambani Tengeru nikaomba kazi hii iliyo nzito zaidi, kwa sababu wanawake wa boma la Namelok wanakunywa uji hapa. Namelok ndiye mama mkwe aliyemuua mdogo wangu Sabina. Hakumpiga, hakumtilia sumu. Mimba ilipokuwa kubwa alimpunguzia chakula hadi kikawa si chakula, kama wanavyofanya wazee wa huku, ili mtoto awe mdogo atoke kwa urahisi. Mtoto alikuwa mdogo kweli. Alipumua hadi mchana, akaacha. Sabina alitokwa na damu ambayo hakuwa nayo.

Tulitoka Singida wawili. Mama ananiuliza kwa simu nitarudi lini. Namwambia nina jambo la kumaliza.

3 Machi
Vumbi. Kuni za mgunga, miiba hadi kwenye nyayo.

Alhamisi, 5 Machi
Leo amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu mwenye sura ya fisi. Ni bibi mrefu, mkavu, mwenye shanga safi na mabuti ya mvua ya kiume. Alimshika mkono msichana mwenye mimba, mfupi, macho chini. Huyo ni Silantoi. Loserian, mume wa Sabina, ameshamuoa. Mwaka mmoja tu tangu tuzike, na udongo wa kaburi haujashuka.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana mdomo umefundishwa.

"Marahaba. Wewe ni dada wa marehemu."

"Ndimi."

"Umekonda."

"Na yeye alikonda."

Alinitazama bila kupepesa. Kisha akachungulia sufuria yangu. "Koroga vizuri," akasema. "Una madonge."

Mkono wangu ulikuwa umeshika mwiko wa moto. Namshukuru Mungu, au namlaumu, sijui, kwamba sikumpiga nao.

Silantoi alikunywa uji wote, akapanda mzani. Brian, kijana wa mjini anayeendesha gari la kituo na kusoma mzani, akatikisa kichwa. "Dada Hanna, uji wako unanenepesha sufuria tu. Huyu hajaongezeka hata kidogo tangu nimfahamu."

Nilimtazama Silantoi nikamchukia pia. Amekalia nafasi ambayo bado ina joto.

9 Machi
Nimejua uji unakwenda wapi.

Nilishuka korongoni kutafuta kuni. Korongo ni kavu sasa, mchanga na mawe tu. Nyuma ya kichaka niliona mawe meupe, nzi wamejaa. Nikasogea. Ulikuwa uji wangu. Na pembeni chupa ya maji ya magome, machungu, nikayaonja nikatema. Wanakunywa mbele yetu kwa adabu, wanashukuru, halafu wakifika hapa wanapiga funda la magome na kutapika yote. Mama mkwe kasema, basi.

Nilipaswa kupanda mara moja kumwambia Daktari. Sikupanda. Nilikaa juu ya jiwe nikawaza hivi, na naandika kama nilivyowaza: acha. Na huyu naye afe. Mke wa kwanza akifa watu husema Mungu amependa zaidi. Wa pili akifa, watu huanza kutazama mikono ya mama mkwe.

10 Machi
Bado naliwaza wazo lile. Bado naliona zuri.

Alhamisi, 12 Machi
Daktari Ndeshi alikuja jikoni akakaa juu ya gogo. Ni Mchaga, anaishi Lemara, ana miwani inayoshuka puani, na ni mtu asiyeogopa moshi. Akaniuliza kama mtu anayeuliza saa, "Siku hizi wanatapika wapi, korongoni au kule kwenye mkonge?"

Nilishtuka. "Unajua?"

"Dada, niko hapa mwaka wa pili. Damu haidanganyi."

"Mbona hujawakataza?"

"Nikiwakataza watatapika mbali zaidi. Nazungumza nao. Wengine wameacha."

Nikamuuliza yale niliyotaka kumuuliza tangu msiba. Mtu akinyimwa chakula na ana mimba, ndani kunatokea nini?

Alinieleza polepole, akichora kwenye majivu kwa kijiti. Mwili wa mama ukikosa chakula unaanza kujila wenyewe, mafuta kwanza, kisha nyama. Kondo la nyuma linamkamulia mtoto kile kidogo kilichopo, na bado hakitoshi. Mtoto anajifunza njaa akiwa tumboni. Ini lake na kongosho lake vinajengwa kwa ajili ya dunia ya njaa, na akikua akakuta chapati na soda, huenda ndipo sukari na presha zinampata. "Jinsi hasa inavyotokea ndiyo tunatafuta," alisema. "Hatujui yote."

"Na mama?"

"Mama mwenye upungufu wa damu unaweza kumwona anatembea, anacheka. Lakini kila mwanamke akijifungua hupoteza damu. Mwenye akiba hulala akaamka. Asiye nayo, hana pa kutolea."

"Basi Namelok ni muuaji."

"Sijasema hivyo." Alifuta majivu. "Wanawake wengi wa huku walikua na njaa tangu utoto, nyonga zao ni finyu. Hospitali ni mbali. Mtoto mkubwa akikwama, mama anakufa akiwa macho. Wazee wameliona hilo kabla mimi sijazaliwa. Wamechagua kifo cha kuogopa, Hanna. Wamechagua kimoja wakasahau kingine."

Sikulipenda jibu hilo. Ninaliandika ili nikumbuke kwamba sikulipenda.

14 Machi
Joto. Mawingu yanakaa juu ya Meru kama wageni wasioingia ndani.

17 Machi
Silantoi alikuja kabla ya wenzake. Alinisaidia kujitwisha ndoo ingawa ana tumbo. Nikamwambia aache, akasema, "Kwetu nilibeba mbili."

Tukakaa. Akaniuliza, "Dada, Sabina alikuwaje?"

Hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia alikuwa anaimba akifua, tena vibaya, na alikuwa anamwigiza mchungaji wetu wa Singida hadi watu wanaanguka.

Akacheka akiziba mdomo. Kisha akasema, "Nalala kwenye kitanda chake. Naogopa upande wa ukutani, kwa hiyo nalala ukingoni."

Nilipogeuka kuchochea moto nikamwona anakwangua ukoko wa sufuria kwa kidole, haraka haraka, kama mwizi. Baada ya uji nikamwona anashuka korongoni pamoja na wengine.

Yeye si mwizi wa nafasi ya mtu. Amewekwa tu palepale alipowekwa Sabina, na anasubiri zamu.

18 Machi
Sikulala vizuri, nikapata jambo bora kuliko lile la kwanza.

Akifa Silantoi, Namelok atalia, atapewa pole, atamtafutia Loserian mke mwingine. Kifo hakimuumizi mtu aliyezoea kuzika. Lakini Silantoi akila, akashiba, akazaa mtoto mwenye mashavu mikononi mwa Namelok mwenyewe, maana ndiye mkunga wao, ndani ya nyumba ileile, mbele ya wanawake wote wa boma, halafu akainuka mzima, hapo nitasimama mlangoni niseme neno moja tu: "Huyu alikula akapona. Yule alikufa kwa nini?"

Nimelirudia siku nzima nikikoroga uji. Lina ladha.

Jumapili, 22 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha wakati wa ibada, watu wakaacha kuimba wakasikiliza bati.

Nimeanza. Banda la kuni lina mlango wa nyuma. Silantoi anaingia kana kwamba ananisaidia kupanga magogo, anakuta mayai ya kuchemsha, maharage, na maini niliyonunua sokoni Ngaramtoni. Siku ya kwanza alikaa akiyatazama.

"Yeyo akijua?" Yeyo ndivyo wanavyomwita mama huku.

"Atajua siku ya kuzaa."

"Mtoto akiwa mkubwa?"

"Siku hizi kuna madaktari. Kula. Ila ukienda kuyatapika sikupi tena."

Alikula maini kwa vidole viwili, taratibu, akifumba macho. Alipomaliza akauliza, "Kwa nini unanifanyia hivi, dada Hanna?"

"Kwa ajili ya Sabina."

Machozi yakamtoka. Nikageuka nikapanga kuni.

24 Machi
Mvua. Mayai mawili, dengu. Hakutapika.

25 Machi
Mvua. Kuni mbichi, moshi, macho yamevimba. Alikula hadi akacheua, akaona aibu, tukacheka.

Alhamisi, 26 Machi
Mzani umesogea! Brian alipiga kelele kama timu yake imefunga goli. "Silantoi, umemeza jiwe?" Wanawake wakacheka. Daktari alimkunja kope akatazama wekundu wa ndani, akatabasamu.

Namelok alikuwapo. Hakucheka. Alimvuta Silantoi pembeni akamminya mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Unakula nini?"

"Uji, Yeyo."

"Wenzako wanakunywa uji huohuo."

Kisha akanitazama mimi. Nikaendelea kuosha vikombe. Nilikuwa na furaha mbaya, ile inayokaa tumboni badala ya usoni.

30 Machi
Korongo lina maji ya kufika kifundoni. Tunavuka kwa kukunja sketi.

Alhamisi, 2 Aprili
Daktari aliniita ndani. Mtoto anakua vizuri, akasema. Vizuri sana. Lakini Silantoi ni mfupi, na nyonga yake haimridhishi. Hataki ajifungulie bomani wala kituoni. Anataka baada ya Pasaka ahamie mjini, kwenye nyumba ya wajawazito iliyo karibu na hospitali, kabla korongo halijajaa maji na kufunga njia.

"Simu ya Loserian haipatikani, na mimi kesho nasafiri kwenda Dar kwenye mkutano wa wiki mbili. Wewe ni shemeji yake. Mfikishie. Usisahau, Hanna, hili si la kuchelewesha."

Nilisema sawa.

Jumapili, 5 Aprili, Pasaka
Nilikwenda bomani kuliona kaburi la Sabina. Mvua imeotesha majani juu yake, marefu, ya kijani kuliko ya pembeni. Nikayang'oa kwa hasira kama vile yalikuwa yanamla.

Namelok alikuja akasimama. Nikadhani atanifukuza. Akachutama, naye akaanza kung'oa, upande wa miguu.

"Hukuniuliza kamwe," alisema.

"Nikuulize nini?"

"Kwa nini." Aliendelea kung'oa. "Nilikuwa na binti, wa kwanza kuzaa. Alipopata mimba nikamlisha mimi. Maziwa, mafuta ya kondoo, kila kitu, nikisema binti yangu hatalala njaa nikiwa hai. Mtoto akakwama. Alilia jua likazama, likachomoza, likazama tena. Mwishoni hakulia, alikuwa ananitazama tu. Nilipomzika nikasema, hakuna mwanamke wa boma hili atakayekufa tena kwa shibe."

"Wakaanza kufa kwa njaa."

Aliacha kung'oa. Nilitaka anijibu, anitukane, nipate pa kushika. Akasema kwa sauti ndogo, "Unamlisha."

"Nampa uji."

"Mimi nimepokea watoto wengi kuliko nywele zako. Usinifanye mjinga. Unamlisha, na mtoto amekuwa mkubwa, na wewe hutakuwa na kisu cha daktari mfukoni siku ile."

Nikaondoka. Njiani nikakutana na Loserian anarudisha ng'ombe. Ni mtu mpole, mrefu kama mama yake, hajui pa kuweka mikono akiniona.

"Shemeji, karibu tena. Daktari anasemaje kuhusu mke wangu?"

Nilikuwa na ujumbe mdomoni. Nikaufikiria mji. Silantoi atazaa kwenye chumba cheupe, mbele ya manesi wasiomjua Sabina. Namelok atasikia kwa simu. Hakuna atakayesimama mlangoni.

"Anasema anaendelea vizuri," nikamwambia.

6 Aprili
Bado kuna wakati. Mimba haijatimia. Nitamwambia wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Aprili
Brian: "Dada Hanna, mbona Silantoi bado yuko hapa? Daktari alisema ahamie mjini."

"Kesho kutwa," nikasema.

11 Aprili
Mvua mchana kutwa. Meru haionekani, ni kama hawajawahi kuweka mlima pale.

12 Aprili
Mvua. Maji ya korongo yamefika magotini. Silantoi alivuka akishika bega langu. Mtoto alimpiga teke, akaniwekea mkono wangu hapo. Mguu mkubwa, wenye nguvu. Niliondoa mkono.

13 Aprili
Nimeamua. Kesho nakwenda kumwambia Loserian.

14 Aprili
Korongo limefunga. Maji mekundu yamejaa kingo hadi kingo, yanavuta magogo. Boma la Namelok liko ng'ambo. Simu ya Loserian haipatikani. Nilisimama ukingoni nikapiga kelele, nikajisikia mpumbavu. Hata mimi sikujisikia kwa ngurumo ile.

Ijumaa, 17 Aprili
Naandika nikiwa mjini, kwenye benchi la hospitali. Mikono ina michubuko. Nitaandika jana yote.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua hadi kiunoni. Loserian alivuka peke yake akaja kituoni amelowa. "Shemeji, uchungu umemshika tangu juzi. Mama anasema uje."

"Mama yako kasema mimi nije?"

"Kasema, mlete yule aliyemlisha."

Nikamwambia Brian apige simu hospitali, asimamishe gari ukingoni asiondoke hata akiona nini. Nikavuka na Loserian.

Ndani ya nyumba ya Sabina palikuwa na moshi na wanawake wengi wamekaa ukutani. Silantoi alikuwa amepiga magoti, ameshika nguzo, midomo imekauka. Namelok alikuwa nyuma yake, mikono ina mafuta hadi viwikoni. Huo ndio mlango niliokuwa nimeuota mwezi mzima. Nilisimama hapohapo. Sikuwa na neno.

Namelok hakuniinulia macho. "Kichwa kipo, hakishuki. Nimemgeuza, nimemtembeza, nimemkalisha. Njoo umtazame. Ulitaka mtoto mkubwa, njoo umwone."

Silantoi akanitazama. "Dada Hanna, mtoto ni mkubwa?"

"Ni mzuri," nikasema. "Ni mzuri, mama."

Hapo ndipo Namelok alipofanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifuta mikono yake kwenye shuka, akasimama, akasema mbele ya wanawake wote, kwanza kwa Kimaa, lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mimi siwezi. Mchukueni." Mwanamke mmoja mzee akasema mvua, akasema mto, akasema tusubiri kidogo. Namelok akamwambia, "Nilisubiri na wa kwangu."

Loserian na rika lake walikata miti miwili wakafunga blanketi. Tulimbeba kwenye utelezi hadi korongoni. Mvua ilikuwa imeanza tena juu mlimani, na maji yalikuwa yanapanda tena, yamefika kifuani kwa mtu mfupi. Wanaume walisimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, kwa sababu chini ya maji mekundu huoni shimo.

Namelok akavua mabuti yake akaingia. Bibi wa umri ule. Alitangulia na fimbo, akipigapiga chini, akisema hapa, hapa, siyo hapo, njoo hapa. Wanaume wanne walimbeba Silantoi mabegani. Mimi nilishika kona ya blanketi karibu na kichwa chake. Katikati mmoja aliteleza, machela ikainama, maji yakamfikia Silantoi mgongoni akapiga yowe. Nilishika mti kwa mikono yote miwili hadi ngozi ikatoka. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Usife. Usife, sikukulisha ili ufe." Sijui nani alisikia.

Brian alikuwa ng'ambo, hadi magotini kwenye tope, bila utani wowote.

Njia hadi lami sitaiandika.

Hospitalini walimpeleka chumba cha upasuaji moja kwa moja. Tulikaa benchi moja, mimi na Namelok, tunachuruzika maji sakafuni, na mwanamke wa usafi akawa anapiga deki kutuzunguka.

Mtoto wa kike. Nesi alimbeba kwa mikono miwili akasema, "Huyu amekuja na mizigo yake." Analia kama mwenye kesi.

Silantoi alitokwa na damu nyingi. Daktari wa upasuaji alitoka akivua glavu, akasema alikuwa na akiba ya kutosha. Mwingine, akasema, asingetoka mezani.

Basi nimepata. Nina ushahidi niliokuwa nautaka. Nimekaa nao hapa benchini.

Jumamosi, 18 Aprili
Daktari Ndeshi amerudi kutoka Dar, alikuja moja kwa moja kutoka stendi na begi lake. Alimwona Silantoi, alimwona mtoto, kisha akanitoa nje, chini ya bati linalovuja.

"Ulikuwa unamlisha."

"Ndiyo."

"Ningekusaidia. Ungeniambia tu." Alivua miwani. "Na ujumbe wangu kwa Loserian?"

Nikakamua pindo la sketi.

"Uliufikisha au hukuufikisha?"

"Sikuufikisha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka azalie mikononi mwa Namelok. Nilitaka yule bibi aone."

Nilidhani atapiga kelele. "Yule bibi amevuka mto mbele yake," alisema. "Wewe ulimweka ng'ambo ya mto." Akaingia ndani. Sijui kama kazi bado ipo. Sikuuliza.

Jumapili, 19 Aprili
Nimelisema.

Namelok alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, mtoto mapajani, anamchua miguu. Silantoi alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Nilikuwa nimejiambia nisiseme. Lakini nilimwona anavyomshika yule mtoto kwa upole, nikakumbuka wa Sabina aliyepumua hadi mchana, na mikono ni hiyohiyo. Likatoka.

"Huyu alikula akapona. Yule alikufa kwa nini?"

Namelok hakuacha kuchua. "Kwa mkono wangu," akasema. "Nimelijua tangu siku ile. Ulifikiri nilikuwa nakusubiri wewe uniambie?"

"Nataka uliseme bomani. Mbele ya wote."

"Nitalisema. Na wewe utasema la mto, lile nililosikia jana dirishani ukimwambia Daktari?"

"La mto ni tofauti."

"Ni tofauti," akasema. "Mimi nilifanya kwa hofu."

Sitadanganya. Neno lake la kwanza, lile la kukiri mkono wake, lilikuwa tamu kama nilivyotazamia. Nililishika kama mtu aliyefunga siku nyingi. La mwisho ndilo lililonipata hapa, chini ya mbavu, na bado liko.

Kisha tukasikia sauti kitandani.

"Mmemaliza?"

Silantoi alikuwa amefumbua macho. Sijui tangu lini. Alikuwa ananitazama mimi, si Namelok.

"Kumbe maini yale yote," alisema polepole, "yalikuwa ya kumpigia Yeyo. Mimi nilikuwa mkono tu wa kurushia."

"Silantoi, mdogo wangu..."

"Huyu alininyima kwa ajili ya binti yake. Wewe ukanipa kwa ajili ya dada yako." Alijaribu kujiinua, mshono ukamkatalia, akarudi. "Nesi kasema leo naweza kula. Nina njaa. Nendeni mlete chakula, nyote wawili. Nitachagua mwenyewe."

Tukatoka. Bibi na mimi, mlango mmoja, tukapishana bila kutazamana. Yeye alikwenda kwa ndugu yake anayeishi mtaa wa Engutoto, mimi kwa mwanamke mmoja wa Singida mwenye jiko nyuma ya soko. Nilipika ndizi na nyama, laini, nikatia karoti. Nilipika vizuri kuliko siku zote.

Tuliporudi alifunua vyote viwili. Cha Namelok kilikuwa mchuzi wa kondoo, mwepesi, na ugali laini. Silantoi aliunywa wote, hadi mwisho, Namelok akimshikia bakuli. Changu alikifunika tena akakisogeza.

"Chako, dada Hanna, nitakula siku utakayokipika kwa ajili yangu."

Jumatatu, 20 Aprili
Mvua imepungua. Mama amepiga simu, anauliza kama lile jambo nimelimaliza. Nimemwambia bado, lakini si lilelile.

Sijamsamehe Namelok. Namchukia nikiamka, namchukia nikinawa uso. Ila mchana kuna saa ya kuona wagonjwa, na nimeshaloweka dengu. Silantoi anapenda zikiwa na ndimu, aliniambia siku moja bandani nami sikuwa nasikiliza. Natafuta ndimu. Chuki itangoja mlangoni, ina miguu yake, haitapotea.